Mama Zipu na Neno la Mwisho

Mama Zipu hakuwahi kuzaa. Jina hilo alipewa na wateja, na mwanzoni lilikuwa utani wenye mwiba kidogo, maana mtu akiuliza, "Mama nani yule?" alijibiwa, "Mama Zipu, watoto wake si hizo hapo kwenye kopo." Yeye alilipokea kama alivyopokea mengine. Alicheka, akalivaa. Baadaye hata ubao wa mlangoni pake uliandikwa hivyo hivyo kwa rangi ya bluu: MAMA ZIPU, TUNATENGENEZA. Siku moja nilimwuliza, "Tunatengeneza, wewe na nani?"

"Mimi na cherehani," akasema. "Ukiandika 'natengeneza' watu wanaanza kukuonea huruma."

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ndefu ya saruji iliyopasukapasuka. Kilikuwa na dirisha moja, na chini ya dirisha ndipo ilipokaa cherehani, pamoja na kopo la vichwa vya zipu, koleo dogo la kubania, na kipande cha mshumaa cha kupaka kwenye meno ya zipu yanayogoma. Ukutani upande wa pili palikuwa na kitanda cha marehemu mama yake. Kilibaki kimetandikwa, na makoti na suruali za wateja zililazwa juu yake moja moja, kama wagonjwa. "Usione nimekifanya kabati," aliniambia mara ya kwanza nilipoingia. "Nimeona afadhali kisilale kitupu."

Waliishi wawili mle ndani kwa muda mrefu, yeye na mama yake. Macho ya yule mama yalikufa kidogo kidogo. Kwanza aliacha kuuona uzi, kisha nyuso za watu, mwisho hata dirisha lenyewe likawa kwake ni joto tu upande mmoja wa shavu. Kusoma hakuwahi kufundishwa tangu utoto. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana Mama Zipu aliifunika cherehani kwa kanga, akavuta kigoda, akamsomea Maandiko, na zaidi ya yote zaburi, kwa sababu zaburi ni fupi na mama alipenda kitu anachoweza kukimaliza kabla usingizi haujamchukua.

Lakini alikuwa msikilizaji mkali yule mama. Kitu kisipomwingia alikisimamisha kwa kiganja.

"Ngoja, ngoja. Hapo maneno yamenijia miguu juu, mwanangu. Yasimamishe."

Na kweli, kama umesoma zaburi utajua. Watu wale wa zamani hawakupanga maneno kama sisi tunavyopanga tukizungumza sokoni. Wewe na mimi tungesema, "Ee Bwana, nimekuita nikiwa chini sana." Wao wanaanza na kule chini: kutoka vilindini, Bwana, nakuita. Mama yule angeuliza, "Nani yuko vilindini? Mbona hajatajwa?" Basi binti yake alijifunza kuyasimamisha. Jicho likikutana na sentensi iliyolala chali, ulimi ulikuwa umeshaigeuza kabla haijatoka nje: nani, amefanya nini, wapi. Alifanya hivyo miaka na miaka, hata asijue tena kuwa anafanya. Mguu unavyojua ngazi za nyumbani hata taa ikizimwa, ndivyo mdomo wake ulivyozoea.

Mama akafa. Tulimzika vizuri, kwaya iliimba, watu walikula, wakarudi makwao. Mama Zipu akabaki na cherehani.

Sisi wenye nyumba zilizojaa hatujui kimya kinavyokaa. Tunakitamani, tunakiita mapumziko. Yeye alinieleza kuwa siku nzima ilipita na maneno yake yote ni haya: "Zipu imekwama? Iache. Njoo kesho jioni. Ahsante." Hakuwa na ndugu wa karibu, na si mtu wa kwenda kukaa kwa majirani bila sababu. Alikuwa na aibu ya kuonekana anahitaji watu. Asubuhi moja mteja alimsalimu, yeye akafungua kinywa kuitikia, na sauti haikutoka. Ilikwama kooni kama hizo zipu zake. Alikohoa, ikatoka, lakini alikaa na hofu hiyo siku kadhaa.

"Nilijiona nimeanza kuwa kitu cha mle ndani," aliniambia. "Kama kigoda."

Ndipo ikaja kazi ya kurekodi zaburi.

Mchungaji wetu, pamoja na wenzake wawili wanaojua lugha za kale, walikuwa wametumia miaka mingi kutafsiri zaburi upya. Wazo lilikuwa zisomwe kwa sauti na kuwekwa kwenye visanduku vidogo vyenye spika, wapewe wasioona, wasiojua kusoma, na wagonjwa waliolala majumbani. Walitafutwa wasomaji. Watu wengi walijitokeza, wengine wakasoma kama wanahutubia uwanjani. Mama Zipu alisukumwa na sisi wanawake wenzake kwenda kujaribu. Alisoma zaburi moja tu, kwa sauti yake ya chini yenye mchanga kidogo, na Mchungaji akasema, "Huyu anasoma kama mtu aliyekaa karibu na kitanda."

Zaburi zina mafungu matano, na Mchungaji aliweka sharti: fungu moja, sauti moja, mwanzo mpaka mwisho. "Mgonjwa akishaizoea sauti," alisema, "usimbadilishie katikati kama nesi wa zamu." Mama Zipu akapewa fungu la tatu, ambalo limejaa watu wanaolalamika na kuuliza Mungu amekwenda wapi.

"Wamenipa za kulia," aliniambia akicheka. "Wameniangalia uso."

Lakini alifurahi. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Alianza kunywa maji ya uvuguvugu asubuhi ili koo lilainike. Alifua kitambaa chake cha kichwa kila mara kabla ya siku ya kurekodi, wakati hakuna atakayekiona. "Nikitoka mle chumbani," alisema, "ndipo najua bado nina sauti. Na si sauti tu. Itaingia nyumba za watu, ikae nao, hata mimi nikiwa nimelala."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya kanisa. Walisimamisha magodoro kuta zote nne, wakatundika blanketi mlangoni, wakaweka meza, kipaza sauti, taa ya mezani na kiti kisicholia. Feni haikuruhusiwa kwa sababu inavuma, kwa hiyo msomaji alitoka mle kama ametolewa kwenye sufuria. Nje ya kioo kidogo alikaa fundi mitambo na kompyuta yake. Huyu tulimwita Nyamaza, kwa sababu kabla ya kubonyeza kitufe alitoka nje na kuinyamazisha dunia nzima: mwuza ndizi nyamaza, fundi bati nyamaza, kuku nyamaza. Siku moja alimwambia nyamaza mke wa Mchungaji bila kumtambua, na jina likakaa.

Mimi kazi yangu ilikuwa kufuata karatasi. Nilikaa kando ya Nyamaza na hedifoni masikioni, nikipitisha rula chini ya kila mstari, na msomaji akikosea nagonga kioo. Nilichaguliwa kwa sababu nasoma polepole. Wasomi walikuwa wakikosa makosa, maana macho yao yanakimbia mbele.

Siku za kwanza niligonga kioo mpaka nikaona haya. Kila maneno yalipopangwa kwa mtindo wa wale wa zamani, Mama Zipu aliyasimamisha wima. Karatasi inasema, "Wako ni mchana, wako na usiku." Yeye anasoma, "Mchana ni wako na usiku ni wako." Nagonga. Anaangalia karatasi kwa mshangao, kama imebadilika yenyewe.

"Nimesoma hivyo?"

"Ndivyo ulivyosoma, dada."

"Yesu wangu."

Mchungaji alimketisha, akamweleza bila kumdharau. Alisema wale waandishi hawakukosea mpangilio. Lugha yao ilikuwa na njia yake ya kawaida, na walipoiacha, waliiacha kwa makusudi. Kinachouma walikitanguliza, au walikisukuma mpaka mwisho ili kibaki masikioni. "Mtoto akikatwa na kisu," alisema, "haji kwako akakuambia, 'Mama, mimi nimekatwa kidole na kisu.' Anakuja analia, 'Kidole! Kidole changu!' Ukimnyoosha maneno, umemwondolea kilio."

"Kama wateja wangu," Mama Zipu akasema. "Hawajui habari za asubuhi. Mtu anaingia ameshika suruali, 'Zipu, mama, zipu!'"

"Ndiyo hiyo sasa! Wewe isome kama huyo."

Tangu hapo aliendelea vizuri. Alikuwa akitulia kidogo kabla ya mstari, anautazama ulivyolala, kisha anausoma. Nikaanza kusahau kugonga. Fungu lilikuwa linaelekea mwisho, zimebaki zaburi mbili tu, ndipo tulipofika ile ya themanini na nane.

Huyo mwandishi anaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wake, na hilo ndilo neno jema pekee utakaloliona humo. Kutoka hapo anateremka tu. Yuko shimoni, amehesabiwa pamoja na wafu, maji yamemzunguka siku nzima, na waliomjua wanamwona kama kitu cha kuchukiza. Katika tafsiri ya Mchungaji mstari wa mwisho ulikuwa hivi: "Mpenzi na mwenzangu umewaweka mbali nami. Wanaonijua: giza." Imekwisha. Hakuna "lakini", hakuna amina.

Mama Zipu aliisoma vizuri mno. Nyamaza mwenyewe aliacha kutafuna kijiti chake. Kisha akafika mwisho na kusema, "Wanaonijua wamechukuliwa na giza, umewaweka mbali nami mpenzi na mwenzangu."

Nikagonga.

Nyamaza akabonyeza kile kitufe cha kuzungumzia naye. "Mama Zipu, hapo umeishona upya. Isome ilivyo."

"Samahani, baba. Tena."

Akarudia. Akaanza kwa "mpenzi na mwenzangu" sawasawa, akafika kwenye giza, akalitanguliza, likapita haraka haraka katikati ya mengine kama mtu anayepitisha jirani mlevi mbele ya wageni. Nikagonga. Akarudia tena, na safari hii nilisikia: "Wanaonijua wako gizani, Bwana."

"Mama," Nyamaza akasema, na subira yake ilikuwa inapungua, "neno 'Bwana' halimo hapo. Kwenye mstari huu Bwana hayumo."

Mama Zipu akasema kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilimpata, "Ndicho kinachonitisha."

Tulijaribu kwa kila njia. Nyamaza alimwambia aseme maneno hayo mawili peke yake, atayaunganisha mwenyewe kwenye kompyuta. Alisema la kwanza, "Wanaonijua," akafunga mdomo, na tukamwona kwenye kioo anatingisha kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka, au si jasho, sikuweza kujua.

Nyamaza akavua hedifoni. Si mtu mbaya yule. Mitambo ilikuwa ya kuazima, na kanisa lingine lilikuwa limeshatuma watu kuulizia. "Mama zangu," alisema, "mimi sina la kufanya. Asipoweza hii, tunampa Mwalimu wa Kwaya."

"Hii moja?" nikauliza.

"Moja vipi? Sharti la Mchungaji unalijua. Fungu moja, sauti moja. Mwalimu wa Kwaya ataanza fungu zima upya."

Blanketi lilikuwa limefunuliwa kwa ajili ya hewa. Mama Zipu alisikia kila neno. Alitoka, akapita katikati yetu, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nje inayotazama ua ambamo wanaanika mazulia. Nyamaza akampigia simu Mchungaji. Mimi nikachota maji kwenye kikombe nikamfuata.

Alipokea kikombe hakunywa.

"Watazifuta," akasema. "Zote nilizosoma."

"Hawajafuta chochote. Kunywa maji."

"Nilishaanza kufikiria, dada. Nilikuwa nikilala nawaza kuna mtu mahali fulani, simjui, anafungua kile kisanduku na mimi namsomea. Nikasema basi, sijawa bure kabisa." Akatazama yale maji. "Na nashindwa na neno moja ambalo hata mtoto wa chekechea analiweza."

"Linakushinda nini, ndugu yangu? Nieleze, mimi si Nyamaza."

Ndipo akanieleza. Zamani, mama yake alipokuwa amepoteza macho kabisa, siku si nyingi tangu lile dirisha limzimikie, walifika kwenye zaburi hiyo hiyo katika masomo yao ya mchana. Alisoma mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa giza. Mama akangoja. Kisha akauliza, "Ndiyo mwisho?" Akamjibu, "Ndiyo, mama, imeishia hapo." Yule mama aligeuka akautazama ukuta, na hakugeuka tena mpaka jioni, wala chakula hakukigusa.

"Nilijiona nimemzika mzima," Mama Zipu alisema. "Mtu yumo gizani, na mimi mwanawe nimemletea lingine, nikalimwaga juu yake nikaenda kushona. Kuanzia siku hiyo zaburi ile sikuiruka, maana angejua. Lakini sikuiacha iishie pale. Nililichukua lile neno nikalificha katikati, mwisho nikamwekea rafiki. Kila mara. Mpaka amekufa hajalisikia tena likiwa la mwisho. Sasa mdomo wangu unakataa."

Nilimshika tu mkono, ulikuwa wa baridi pamoja na lile joto lote.

Mchungaji alifika na baiskeli yake, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo. Hakuuliza kwa nini tunakaa kwenye ngazi. Alikaa na yeye, ngazi ya chini yetu, jambo lililomfanya Mama Zipu aanze kuinuka kwa heshima, na Mchungaji akamrudisha kwa mkono. Mama Zipu akamsimulia yote upya, kwa kifupi, bila machozi. Kisha akamwomba jambo ambalo nadhani lilikuwa limemkaa moyoni tangu asubuhi.

"Mchungaji, ninyi ndio mlioandika hiyo karatasi. Mkiligeuza kidogo tu, litangulie, nani atadhurika? Maana inabaki ile ile."

Mchungaji alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri mbele yako bila kuona haya.

"Maana inabaki," akasema. "Lakini yule aliyeandika, mama, hakuishiwa maneno. Alikuwa na Mungu wa kumweka mwisho, alimweka mwanzo. Alikuwa na rafiki wa kumweka mwisho, kama ulivyofanya wewe. Akachukua giza akaliweka pale, akaondoka. Sisi tuliifanya kazi ile miezi mingi, na kila mmoja wetu alitamani kumrekebisha. Hata mimi. Niliwahi kuandika mwisho mwingine nikaufuta."

"Kwa nini uliufuta?"

"Kwa sababu nilimwaza mtu atakayeisikia akiwa yuko pale pale. Usiku umemkalia, kila mtu amekwenda. Anasikia mwenzake wa zamani anamwambia Mungu hivyo hivyo usoni, na Mungu hakumkemea, ameyaacha maneno yake kitabuni. Huyo atajua hayuko peke yake. Lakini tukimgeuzia mwisho, atasikia kwamba hata sisi tumemkimbia."

Mama Zipu alikunywa maji sasa, yote.

"Na akiwa ni mtu kama mama yangu?" akauliza. "Akigeuka ukutani?"

"Sijui," Mchungaji akasema. "Ningekudanganya nikisema najua."

Fundi bati wa ng'ambo alikuwa akigonga taratibu, maana alikuwa ameruhusiwa na Nyamaza.

"Sikumwuliza," Mama Zipu akasema mwishowe, si kwetu hasa. "Aligeuka, na mimi sikumwuliza kwa nini. Nilikimbilia cherehani. Nikamhurumia kwa mbali, huku nimekaa chumba kimoja naye." Akakiweka kikombe chini. "Labda alitaka kusema kitu. Labda alikuwa anamsikiliza yule mtu."

Akainuka, akajikunguta vumbi nyuma, akaingia ndani. Nyamaza alimwona anapita, akatoka mbio kwenda kunyamazisha ulimwengu.

Alianza zaburi upya kutoka juu, hakuna aliyemwambia. Sauti ilikuwa imechoka, na kwa kuchoka ikawa kama inatoka karibu zaidi. Rula yangu ilishuka mstari kwa mstari. Sikuwa naomba asikosee, Mungu anisamehe. Nilikuwa naomba asidhurike. Akafika kwenye mpenzi na mwenzake waliowekwa mbali. Akavuta pumzi, na pumzi hiyo imo kwenye kisanduku mpaka leo ukisikiliza vizuri. "Wanaonijua," akasema. Akasubiri. Kupitia kioo nilimwona ameishika meza kwa mikono miwili.

"Giza."

Halikutoka kwa ukali. Alilisema kama mtu anavyotaja mahali anapoishi. Kisha hakuongeza kitu, na sisi hatukuongeza kitu. Nyamaza alikuwa amekunja kidole juu ya kitufe cha kuzima, na hakukibonyeza. Ule mstari wa sauti kwenye kompyuta uliendelea kutembea, umenyooka, hauna mlima.

Baadaye Nyamaza akasema kwa upole nisioujua kwake, "Imeingia, mama. Tuendelee na ya mwisho? Hiyo ni ya kuimba, inaanza na fadhili za Bwana."

Mama Zipu alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Hapana, mwanangu. Ya kuimba tutaisoma kesho. Leo tuiache hapo alipoiacha mwenyewe."

Mchungaji, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, aliitikia kwa kichwa, akasema Mwalimu wa Kwaya asisumbuliwe.

Nilimsindikiza. Kawaida tukifika kwenye kona ya duka la mkaa tuliagana, yeye anashika njia yake na mimi yangu, na kwa miaka yote tuliyojuana hakuwahi kuniambia niendelee naye wala mimi sikuwahi kujialika. Siku hiyo tulifika kwenye kona akasimama.

"Una haraka?" akauliza.

Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na watu wa kuwapikia na nguo kwenye kamba. "Sina," nikasema.

Tukaenda mpaka kwenye lango la nyumba yake. Aliushika ufunguo asiingie. Alitazama ile korido, na mlango wa mwisho wenye ubao wa bluu.

"Sema nami kidogo kabla sijaingia," akasema. "Chochote. Hata cha ovyo."

Katika maisha yake yote nadhani hakuwahi kumwomba mtu kitu kama hicho. Nikamsimulia habari ya jogoo wangu anayewika saa anazotaka yeye, na habari ya mume wangu aliyejaribu kuziba sufuria inayovuja kwa gundi ya viatu, tukala mboga yenye harufu ya duka la viatu. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha yeye naye akanisimulia habari za mama yake, si za kitandani, za zamani, alipokuwa na macho na kiburi na anacheza ngoma harusini mpaka viatu vinatoka. Sikuwahi kujua. Mwenye nyumba alipita akiwa na ndoo, akatuuliza kama tumeajiriwa ulinzi pale langoni. Mama Zipu akamjibu kuwa mshahara bado haujakubaliwa.

Watu walikuwa wanarudi kutoka kazini, wanatupita wakitusalimu, na yeye aliwaitikia wote, mmoja mmoja, kwa sauti kamili. Halafu akaniambia niende, watoto wangu watakula saa ngapi.

"Kesho utakuja?" nikauliza.

"Kesho kuna ya kuimba, nitaachaje? Lakini pitia hapa kwanza, twende pamoja."

Akaingia. Nilisikia nyayo zake mpaka mwisho wa korido, na mlango.